Matangazo ya Dominika: Neno la Paroko kwa Watu Wake



Wapenzi wasomaji, katika somo letu la juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo mno, hata lisistahili somo. Nalo ni ile karatasi ambayo Paroko, au katekista kwa niaba yake, huifungua kila Dominika karibu na mwisho wa Misa na kuisoma mbele ya watu. Mnaijua. Mnajua pia yatokeayo mara ifunguliwapo. Akina baba walioketi karibu na mlango huinuka wakatoka nje. Vijana huzitoa simu zao mifukoni. Akina mama huanza kuwafunga watoto mgongoni. Ni kana kwamba Misa imekwisha, ingawa baraka haijatolewa.

Nitaanza kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikiitumikia, nilitangaza kwamba siku ya Alhamisi nitakwenda katika kigango kimoja cha mbali kuwapelekea wagonjwa Ekaristi na Mpako Mtakatifu, na kwamba kila nyumba yenye mgonjwa itoe jina lake kwa katekista kabla ya Jumatano jioni. Alhamisi nikaenda. Nikazipitia nyumba nne zilizoandikwa, nikarudi. Jumamosi alfajiri nikaletewa habari: bibi mmoja mzee wa kigango kile amefariki dunia. Nyumba yake haikuwa mbali hata kidogo na njia niliyopita. Alikuwa amelala kitandani majuma matatu, na kila siku alikuwa akiuliza, Padre atakuja lini?

Baada ya maziko nilimwuliza mwanawe, “Mwanangu, mbona hamkumpa katekista jina la mama?” Akainamisha kichwa, akasema, “Padre, tusamehe. Hatukusikia. Tulikuwa tumekwisha kutoka nje.”

Neno lile lilinichoma. Usiku ule nikaitafuta karatasi ya matangazo ya Dominika ile, nikaisoma upya. Yalikuwako mambo ya mchango wa bati, sare za chama, mazoezi ya kwaya, mnada wa mavuno, mkutano wa viongozi, na mengine mengi. Tangazo la wagonjwa lilikuwa la kumi na nne, la mwisho kabisa. Nilikuwa nimewachosha watu muda mrefu kabla ya kulifikia. Mwana yule alikosa kwa kutoka. Mimi nilikosa kwa kulifunika lililo zito kwa yaliyo mepesi. Na hasara ikamwangukia yule bibi, ambaye hakuwa na kosa lolote. Tunamweka katika huruma ya Mungu, ambayo haifungwi na makosa yetu. Lakini tangu siku ile sijapata tena kuyadharau matangazo, na ndiyo sababu ya somo hili.

PAROKIA NI WATU

Kwanza yatupasa kujua parokia ni nini. Mtu akiulizwa parokia yake iko wapi, huonyesha kidole kwenye mnara wa kanisa. Lakini Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 515, yasema kwamba parokia ni jumuiya ya waamini iliyoundwa kwa kudumu, ambayo uchungaji wake umekabidhiwa kwa Paroko chini ya mamlaka ya Askofu wa jimbo. Basi jengo laweza kubomoka kwa mvua na parokia ikabaki. Lakini watu wakitawanyika, wasijuane wala wasisikilizane, jengo litabaki na parokia itakuwa imekufa.

Hata neno lenyewe lina mafundisho. Limetoka katika lugha ya Kiyunani, paroikia, maana yake makao ya wageni, watu wanaokaa mahali pasipo nchi yao. Mtakatifu Petro, katika waraka wake wa kwanza, anawakumbusha Wakristu kwamba wao ni wapitaji hapa duniani. Nasi twajua hali ya wageni ilivyo. Wageni walio safarini pamoja hawana budi kupashana habari: nani ameugua, nani amechelewa, maji yako wapi, chakula kimebaki kiasi gani. Msafara usiopashana habari humwacha mtu nyuma bila kujua. Na matangazo ya Dominika ndiyo kupashana habari kwa msafara wetu.

MTAKATIFU PAULO NAYE ALITANGAZA

Labda mtu atasema, “Padre, hayo ni mambo ya ofisi tu, si mambo ya roho.” Ndugu yangu, ifungue Biblia yako nyumbani, uusome waraka wa kwanza wa Mtakatifu Paulo kwa Wakorinto. Sura ya 15 ni mojawapo ya mafundisho makuu kabisa katika Biblia nzima: yasimulia ufufuko wa Kristu na ufufuko wetu sisi, na jinsi mauti yatakavyoshindwa. Ukiisha kusoma hayo, geuza ukurasa. Sura ya 16 yaanza na nini? Yaanza na mchango! Paulo anawaagiza watu wa Korinto kwamba siku ya kwanza ya juma kila mmoja aweke akiba kadiri alivyofanikiwa, kwa ajili ya waamini wa Yerusalemu. Kisha anatangaza safari yake: atapitia Makedonia, atakaa Efeso mpaka Pentekoste. Anatangaza kwamba Timotheo anakuja, naye apokewe vema. Anaeleza kwa nini Apolo hakuja. Anataja majina, anapeleka salamu.

Ni mtu yule yule, ni kalamu ile ile, ni waraka ule ule. Kwa Mtakatifu Paulo hapakuwa na ukuta kati ya ufufuko na mchango. Aliyeamini kwamba miili yetu itafufuka, huyo huyo alijali kwamba wenye njaa Yerusalemu wapate chakula na kwamba kijana Timotheo asidharauliwe njiani. Vivyo hivyo na sisi. Imani iliyohubiriwa baada ya Injili huonyeshwa miguu ya kutembelea katika matangazo.

Utaratibu wa Misa uliotengenezwa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano unayaweka matangazo mahali pake: baada ya sala inayofuata Komunyo, kabla ya baraka, tena unataka yawe mafupi. Tazameni mpango huo ulivyo na busara. Twakula kwanza Mwili wa Bwana, ndipo tunaambiwa ndugu yetu gani ana shida, ndipo tunapewa baraka na kutumwa. Anayetoka kabla ya matangazo ametoka pia kabla ya kutumwa.

MATANGAZO YA NDOA

Liko tangazo moja ambalo Kanisa limelitumia kwa karne nyingi kama ngao ya wanyonge. Nalo ni tangazo la ndoa. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, chini ya Papa Inosenti wa Tatu, uliamuru kwamba ndoa zitangazwe hadharani kanisani na mapadre, ili mwenye kujua kizuizi halali apate nafasi ya kukileta. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento ukakaza amri hiyo: tangazo lisomwe na Paroko wa wachumba wenyewe, katika siku kuu tatu zinazofuatana, wakati wa Misa, nayo ndoa ifungwe mbele ya Paroko na mashahidi wawili au watatu.

Kwa nini Kanisa lilijisumbua hivyo? Kwa sababu ya machozi ya wanawake. Zamani zile mwanamume aliweza kuoa kwa siri, pasipo shahidi, kisha akamwacha mkewe na kumwoa mwingine hadharani. Mke wa kwanza alilia, lakini hakuwa na la kuonyesha. Maaskofu wa Trento waliona dhambi hiyo, wakaona kwamba dawa yake ni mwanga: jambo linenwe mbele ya watu wote, tena liandikwe kitabuni.

Leo, kanuni ya 1067 inawaachia Maaskofu wa kila nchi kuweka taratibu za matangazo hayo. Na kanuni ya 1069 yawadai waamini wote, si viongozi peke yao, kwamba mtu akijua kizuizi cha ndoa amfunulie Paroko, au Askofu, kabla ya ndoa kufungwa. Hata serikali yetu ya Tanzania, katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, imetaka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kulileta.

Basi, baba na mama wa familia, mnaposikia majina ya wachumba yakisomwa, msiangalie tu ni mtoto wa nani. Ninyi mmewekwa kuwa walinzi. Pengine wewe ndiwe pekee unayejua kwamba kijana huyu anayetangazwa mjini ana mke wa ndoa kijijini. Pengine ni wewe, bibi, unayekumbuka undugu wa damu ambao wachumba wenyewe hawaujui. Ukinyamaza kwa sababu ya haya, au kwa sababu umekwisha kuchangia sherehe, utakuwa umeshiriki kumdanganya binti wa watu. Lakini angalieni pia upande wa pili: kusema kizuizi cha kweli kwa Paroko ni wajibu, bali kueneza uvumi sokoni kwa wivu ni dhambi. Kizuizi hupelekwa kwa Paroko kwa utulivu, naye atachunguza. Ndoa ikiisha kufungwa, huandikwa katika kitabu cha ndoa, tena katika kitabu cha ubatizo pale walipobatizwa wahusika, ili cheti cha ubatizo kiseme kweli popote mtu aendapo.

MALI BILA DAFTARI

Sasa nafika kwenye jambo linaloudhi masikio ya wengi: fedha. Watu hulalamika kwamba matangazo yamekuwa michango mitupu. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, nami sitayakana. Lakini nionavyo mimi, kosa kubwa si kutangaza michango. Kosa ni kutangaza mchango na kutotangaza hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Rudini tena kwa Mtakatifu Paulo. Katika waraka wa pili kwa Wakorinto, sura ya 8, mchango wa Yerusalemu ulikuwa umekuwa mkubwa. Je, Mtume aliubeba peke yake akisema, mimi ni Mtume, niaminini? La. Alimtuma Tito, akamwongezea ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, akaeleza sababu yake wazi: asipatikane mtu wa kuwalaumu juu ya fedha ile, kwa kuwa yawapasa kutenda yaliyo mema mbele ya Bwana, na mbele ya wanadamu pia. Ikiwa Mtume aliyemwona Kristu mfufuka alijiwekea mashahidi wa fedha, Paroko wa leo ni nani hata asiwe nao?

Sheria ya Kanisa ndivyo isemavyo. Kanuni ya 537 yataka kila parokia iwe na kamati ya fedha. Kanuni ya 1267 yasema kwamba sadaka iliyotolewa na waamini kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Na kanuni ya 1287 yawataka wasimamizi wa mali wawape waamini hesabu ya vile walivyolitolea Kanisa. Kwa hiyo fedha za bati ni za bati. Zikibaki, watu waambiwe. Zikipungua, waambiwe pia, tena kwa tarakimu. Mama aliyeuza debe la mahindi ili kuchangia bati ana haki ya kusikia bati ngapi zimenunuliwa. Akisikia, Dominika ijayo atatoa kwa furaha. Asiposikia, atatoa kwa woga, kisha atatoa kidogo, kisha hatatoa kitu. Naye hatasema neno, ila moyo wake utakuwa umeondoka parokiani kabla ya miguu yake.

Nanyi waamini, kanuni ya 222 yawakumbusha kwamba mnao wajibu wa kutoa: mnapaswa kusaidia mahitaji ya Kanisa, ya ibada, ya matendo ya huruma, na riziki ya watumishi wake. Tena kanuni ya 212 yawapa haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wenu maoni yenu kwa heshima. Mwenye swali juu ya hesabu na aulize katika jumuiya yake au katika halmashauri ya walei. Manung'uniko ya njiani hayajapata kujenga kanisa hata moja.

MFICHA MARADHI

Turudi kwa wagonjwa, ambako tulianzia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nyumba nyingi bado zaogopa kumwita Padre kwa mgonjwa. Wanadhani akija na mafuta, mgonjwa atajua kwamba anakufa. Hayo si mafundisho ya Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulisema wazi kwamba Mpako si sakramenti ya walio katika dakika za mwisho peke yao. Muamini akianza kuwa katika hatari kwa ugonjwa au uzee, wakati wake umekwisha kuwadia. Na kanuni ya 1001 inawataja wachungaji pamoja na jamaa wa mgonjwa, kwamba wao ndio wa kuhakikisha kwamba anapata sakramenti hiyo kwa wakati ufaao. Jamaa wa mgonjwa! Sheria haikumwachia Padre peke yake, kwa sababu Padre hana macho ya kuona ndani ya nyumba zote.

Wengi wenu mmesikia habari za Mtakatifu Yohane Maria Vianney, aliyefika katika kijiji cha Ars nchini Ufaransa mwaka 1818. Kijiji kile kilikuwa na watu wapatao 230 tu. Alizoea kuwatembelea majumbani mwao wakati wa chakula cha mchana, alipojua kwamba atawakuta wote, akawauliza habari za mashamba na za watoto. Alikaa nao mpaka alipofariki mwaka 1859, na mwaka 1929 Papa Pio wa Kumi na Moja alimweka kuwa msimamizi wa maparoko. Paroko wa watu 230 aliweza kumjua kila mmoja kwa jina. Paroko wa kwetu ana maelfu, tena ana vigango vya mbali, na njia za matope wakati wa masika. Hii ndiyo mojawapo ya sababu ambazo Maaskofu wa Afrika ya Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976, walitilia mkazo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Jumuiya ndiyo jicho la Paroko. Habari itoke altareni ifike katika jumuiya, na habari itoke katika jumuiya ifike altareni. Ikikatika upande mmoja, yule bibi atakufa tena, katika nyumba nyingine.

WAJIBU WETU SOTE

Tuyakusanye basi maneno yetu. Kwa upande wetu sisi mapadre: tangazo linalohusu roho ya mtu au uhai wa mtu litangulie, yanayobaki yafupishwe, au yabandikwe ubaoni na kupelekwa kwa viongozi wa jumuiya. Tusiwakemee watu kwa kutumia karatasi ya matangazo, wala tusimtaje kwa aibu aliyeshindwa kutoa. Na tunapotaja kiasi kilichotakiwa, tutaje pia kiasi kilichotumika.

Kwa upande wenu familia: kaeni mpaka baraka. Mtu mmoja wa nyumba, hata mtoto wa shule, apewe kazi ya kuyashika matangazo na kuyasimulia wakati wa chakula cha mchana. Baba aulize, “Leo Padre amesemaje?” Kisha wapelekeeni habari wale ambao hawakufika: mgonjwa, mzee, na yule jirani aliyeacha kusali kwa sababu ya uchungu fulani. Siku hizi wengi mnapata matangazo kwa simu, nayo ni msaada mwema. Lakini bibi kizee asiye na simu bado angojea miguu ya mtu.

Namalizia kwa tangazo moja ambalo hamjalisikia mara nyingi, kwa kuwa kwa kawaida halisomwi. Kanuni ya 534 yamfunga kila Paroko kwamba kila Dominika, na katika siku kuu zilizoamriwa jimboni mwake, aadhimishe Misa moja kwa nia ya watu aliokabidhiwa. Misa hiyo haina malipo, wala haiandikwi kwa jina la mtu aliyeiomba. Ni yenu. Ni ya mwenye kuchangia na asiyechangia, ya anayekaa mpaka mwisho na anayetoka nje mapema. Kila Dominika, kabla Paroko hajafungua ile karatasi na kuwaambia neno moja, amekwisha kuwataja ninyi nyote mbele ya Mungu. Basi, naye akiwaomba mumsikilize dakika tano, mvumilieni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Dominika iliyopita yalitangazwa mambo gani katika parokia yetu? Ni nani wa nyumba hii anayeyakumbuka?
2. Je, katika jumuiya yetu yuko mgonjwa au mzee ambaye Paroko hana habari zake? Nani atampelekea jina lake, na siku gani?
3. Kwa nini Kanisa hutangaza ndoa hadharani? Tofauti ya kufunua kizuizi na kusengenya ni nini?
4. Mtakatifu Paulo aliwachukua mashahidi wa fedha. Sisi wenyewe, katika chama, katika jumuiya, hata katika fedha za nyumbani, twatoa hesabu?